Bili ya kwanza majuu iliyokutoa jasho: tupeane uzoefu

Wa Section 58
Nimetoka kununua tokeni za stima za mia tano hapa Nakuru, nikaanza kuingiza zile tarakimu 20, nikacheka peke yangu. Mpwa wangu wa Njoro anaruka Alhamisi kwenda Uingereza kusoma. Jana alinionyesha bajeti yake kwenye daftari: kodi ya chumba, chakula, nauli. Mistari mitatu, basi. Nikamuuliza, na joto la nyumba je? Akanitazama kama nimemuuliza hewa analipia kwa nani.

Mimi nilikaa huko miaka minne nikarudi, na mengi nimeyasahau. Mliotoka Nakuru, Kisumu, Kakamega, popote huku kwetu: ni kitu gani cha ndani ya nyumba kilikushtua bei? Si viza wala karo, hizo anazijua. Nataka zile bili ambazo hakuna aliyekwambia.

Nyar Kibuye
Joto. Umeshamaliza. Naandika nikiwa ndani ya blanketi mbili na soksi za mume wangu.

Kijana wa Webuye
Ujerumani hapa. Nilipata nyumba baada ya kutafuta miezi mitano, nikapewa funguo, nikaingia nikiimba. Jikoni hakuna jiko. Si jiko tu, hakuna sinki wala kabati, mabomba yametoka ukutani kama mizizi. Darini hakuna balbu, ni nyaya tu zinaning'inia. Nikampigia mwenye nyumba nikidhani tumeibiwa. Akaniambia kwa upole kwamba mpangaji aliyehama ameondoka na jikoni lake. Na balbu zake.

Wiki ya kwanza nilipikia sufuria ya kuchomeka kwenye umeme, sakafuni, nikitumia tochi ya simu. Hata bedsita za Free Area kule Nakuru zina sinki jamani.

Halafu kuna kodi baridi na kodi moto, ndivyo wenyewe wanavyoziita. Ya baridi ni nyumba tupu. Ya moto wameongeza maji, takataka na joto. Tangazo linakuonyesha ile ya baridi kwa herufi kubwa. Depoziti inaweza kufika kodi baridi ya miezi mitatu. Na hata hiyo ya moto ni makisio: mwakani unaletewa hesabu, ukiwa ulitumia joto zaidi unalipa kilichobaki kwa mpigo. Stima mara nyingi haimo kabisa, unajitafutia kampuni mwenyewe.

Omena Kavu
@Kijana wa Webuye usisahau ada ya redio na televisheni. Euro 18.36 kila mwezi kwa kila nyumba, uwe na runinga usiwe nayo. Mimi sina hata redio ya betri. Barua ya kwanza niliitupa nikidhani ni matapeli. Ya tatu ilikuja na nyongeza.

Mzee wa Bungoma
Mnalia nini? Marehemu baba yangu alikuwa na leseni ya redio hapa hapa Kenya, ameihifadhi kwenye bahasha pamoja na kipande chake cha enzi za mkoloni. Hakuna jipya chini ya jua.

Mama Nyalenda
Nimesoma neno tokeni hapo juu tumbo likaniuma. Ngoja niseme, sijawahi kulieleza hili mahali popote.

Nilifika Novemba 2022, kazi ya kutunza wazee, mji mdogo kaskazini mwa Uingereza, sitautaja. Nikapangishiwa kinyumba chenye mita ya kulipia kwanza. Nikafurahi! Nikasema hii naijua, kwetu Nyalenda, Kisumu, tumeishi na tokeni miaka yote. Kule stima ina ufunguo wa plastiki, gesi ina kadi. Unavipeleka dukani, unatoa pesa, unarudi unavichomeka kwenye mita. Siku ya kwanza niliweka pauni 20. Nikachomeka, mita ikasoma 12 na kitu. Nikadhani macho. Nikaenda zamu, nyumba nzima nimezima isipokuwa friji, narudi jioni imeshuka tena.

Nikaanza kujibana. Nilikuwa naoga kazini. Nalala na koti, kofia na glavu. Chai naitia kwenye chupa kule kazini narudi nayo. Taa nawasha moja tu. Na bado kila nikiweka pesa, mita inameza kabla sijagusa swichi. Nikaamini kuna mtu amejiunganisha kwangu, maana Nyalenda hilo lingekuwa jambo la kwanza kukagua. Nilitoka usiku nikazunguka nyumba na tochi nikitafuta waya! Majirani sijui walinionaje.

Basi Jumamosi moja ya Desemba, theluji imeanguka, nimetoka zamu ya masaa 12. Nilikuwa na unga niliobeba kutoka nyumbani, paketi ya mwisho, nimeutunza kama dawa. Nikasema leo nakula ugali hata iweje. Maji yakachemka. Nikatia unga. Naanza kusonga tu, pu! Giza. Jiko lilikuwa la stima. Ile pesa ya dharura ambayo mita hukukopesha nilikuwa nimeimaliza Alhamisi. Duka limefungwa saa nne usiku, na ilikuwa saa nne na dakika kumi.

Nikakaa chini jikoni, mwiko mkononi, nikalia kama nimefiwa. Nikampigia mzee wangu Kisumu. Alichoniambia sitakisahau: "Pole mama. Kwani ile ya maji ulituma?" Huku nyumbani walikuwa wananunua maji ya mkokoteni wiki nzima, bomba limekauka, na ziwa wanaliona.

Kilio changu kikapenya ukuta. Jirani, bibi wa miaka themanini hivi mwenye mbwa mdogo, akabisha. Nikamweleza. Swali lake lilikuwa moja: uliiambia kampuni ya stima kwamba umehamia hapa? Sikuwa nimemwambia mtu. Nani huambia? Kumbe mita ilikuwa bado kwa jina la mpangaji aliyenitangulia, ameacha deni, na kila nikiweka pesa wanakata deni lake. Juu ya hapo kuna ada ya kila siku inayohesabiwa hata usipowasha kitu. Mwezi mzima nilikuwa nalipia mtu nisiyemjua.

Jumatatu nikapiga simu na mkataba wa nyumba mkononi, nikawasomea mita. Deni likafutwa, nikatumiwa ufunguo mpya, na baada ya wiki kadhaa wakarudisha pauni sitini na kitu. Wa Section 58, mwambie mpwa wako: siku ya kupewa funguo, piga mita picha kabla hata hujaweka sanduku chini.

Nyar Kibuye
Weeh. Nimelia. Na ugali uliendaje?

Bingwa wa Kondele
Pole mama. Lakini ugali je?

Wa Lanet
Tunangoja taarifa ya ugali.

Tajiri Mtarajiwa
Mimi niko Kisumu sijawahi kutoka, mnisamehe. Lakini pauni moja ni shilingi 170 na ushee. Mtu analipwa pauni alfu moja mia tano anakuja hapa kulia stima? Zidisheni wenyewe. Hiyo ni mishahara ya waalimu watano.

Omena Kavu
Hawa ndio tuliokuwa tunawangoja. Ndugu, mimi sili shilingi. Napata euro, nalipa euro. Parachichi moja hapa ni euro nzima. Kwa shangazi yangu Kakamega yanaanguka mpaka mbwa wameyachoka. Utazidisha au utagawanya?

Tajiri Mtarajiwa
Kama ni pagumu hivyo, tiketi ya kurudi ipo. Sijaona hata mmoja akipanga foleni.

Wa Section 58
Mimi nilirudi. Usitukosee heshima. Turudi kwenye mada.

Bibi wa Shinyalu
Niseme kama niliyebaki nyumbani. Mume wangu yuko huko mwaka wa tatu. Mwanzoni nilifikiri ananificha pesa, na nilimwambia hivyo. Siku moja akanipigia video akiwa supamaketi, akanionyesha fungu la sukuma. Sukuma hii hii, majani manane yamefungwa mpira, bei yake mama mboga wangu angenipa za wiki mbili na kunibariki. Nikanyamaza. Lakini na yeye alikuwa na makosa, angenionyesha mapema, sio kununa.

Nyar Kibuye
Huo mstari wa mwisho nimeuchukua nampelekea mtu.

Kijana wa Texas
Kwangu ni gari. Nilipanga nyumba ya bei nafuu nikajiona mjanja, kumbe duka la karibu ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, matatu hakuna, bodaboda hakuna. Bima ya gari peke yake ilinikaribia nusu ya kodi, kwa sababu sikuwa na historia yoyote ya kuendesha kule. Nguo unafua kwa mashine ya sarafu za senti 25, kwa hiyo sarafu unaziwinda kama dhahabu. Viti na meza sikununua. Mwisho wa mwezi watu wanahama wanaacha vitu nje, unachagua tu.

Mzee wa Bungoma
Kochi la kuokotwa lina kunguni. Usiokote.

Kijana wa Texas
Nimelikalia miaka miwili, mzee.

Mzee wa Bungoma
Ndio maana unajikuna.

Wa Doha
Sisi wa Uarabuni tunawasoma tu. Nyumba ya kampuni, maji ya kampuni, stima ya kampuni, AC inaunguruma mchana na usiku. Bili sijawahi kuiona.

Bingwa wa Kondele
Mko wangapi chumbani?

Wa Doha
Sita. Lakini bili sijawahi kuiona.

Mwanafunzi wa Molo
Kwa huyo mpwa anayekwenda kusoma Uingereza, kuna kodi ya kaunseli, yaani ya baraza la mji, inatozwa kila nyumba. Mkiwa wote humo ni wanafunzi wa muda wote hamlipi, lakini lazima upeleke barua ya chuo, hawatakusamehe kwa kukuangalia usoni. Akiingia mmoja anayefanya kazi, nyumba inaanza kudaiwa. Akiwa ni huyo tu wanapunguza robo. Sisi tulimkaribisha mwenzetu aliyemaliza masomo "kwa wiki mbili", akakaa miezi minane. Hatuzungumzi siku hizi.

Leseni ya runinga ni kitu kingine. Mwaka 2025 ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka. Kama haangalii matangazo ya moja kwa moja wala ile programu ya BBC, anawajulisha tu kwamba haihitaji. Asizipuuze barua.

Nyar Kibuye
Kodi ya kaunseli wengi hulipa kwa mafungu kumi, Februari na Machi unapumua. Mimi miezi hiyo ndiyo natuma ya mbolea nyumbani.

Omena Kavu
Abebe omena. Zikaushwe vizuri, zifungwe karatasi tatu.

Mwanafunzi wa Molo
Asibebe omena! Mimi nilikaanga siku ya pili, king'ora cha moshi kikalia, jumba zima la wanafunzi likatoka nje na nguo za kulalia. Saa sita usiku.

Omena Kavu
Hukufungua dirisha. Hilo si kosa la omena.

Wa Lanet
Abebe sufuria, mwiko na blanketi zito la Nakuru.

Kijana wa Webuye
Blanketi asibebe, linamaliza kilo zote na kule yapo ya bei rahisi. Mwiko ndiyo.

Wa Section 58
Mpwa amesoma yote. Amefuta bajeti yake, anaanza upya. Anauliza: kati ya joto na intaneti, akikosa moja abaki na ipi?

Bingwa wa Kondele
Intaneti. Joto utalipata maktaba.

Nyar Kibuye
Joto. Intaneti utaipata maktaba.

Tajiri Mtarajiwa
Samahani kwa yale ya juu. Kuna mtu anajua wakala mzuri wa kazi za kutunza wazee?

Wa Doha
😂😂😂

Mama Nyalenda
Nilikuwa kazini, naona mmeniuliza ugali mara tatu. Yule bibi aliniambia nije na sufuria yangu. Nikasongea kwake, umeshakuwa na mabonge, nikausawazisha nilivyoweza. Tukala saa tano usiku kwa mchuzi wa maharage ya mkebe. Alichukua kidogo, akatafuna, akaniomba sukari.

Mzee wa Bungoma
Sukari kwenye ugali?

Mama Nyalenda
Na maziwa. Nilimpa.