Filamu fupi imekamilika: niipandishe YouTube au niipeleke kwenye matamasha ya filamu?

Mpigapicha wa Uyole: Habari zenu wakuu. Ninaishi Mbeya na riziki yangu ni kurekodi harusi na sendofu. Nimekamilisha filamu ya dakika 18 kuhusu mama muuza viazi wa Mwanjelwa, kwa fedha zangu mwenyewe. Marafiki wanasisitiza niipandishe YouTube mara moja, lakini nia yangu ni kuwa mwongozaji wa filamu. Nianzie wapi?

Wa Kihesa: Ndugu, usiipandishe kwanza, kwa sababu yapo matamasha yanayokataa filamu ambayo tayari iko wazi mtandaoni. Filamu fupi yenyewe hailipi. Mwongozaji hupata riziki kwa kurekodi harusi, matangazo na video za mashirika, huku filamu hiyo ikimtambulisha kwa watu wanaoweza kugharimia kazi kubwa zaidi. Mtazame mwongozaji wa Tanzania, Amil Shivji: mwaka 2013 alitoa filamu fupi ya Shoeshine, mwaka 2017 filamu yake ndefu ya T-Junction ikafungua tamasha la filamu la ZIFF kule Zanzibar, na mwaka 2021 Vuta N'kuvute ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada. Hiyo ni miaka minane, tena kwa mtu aliyesomea fani. Harusi usiziache.

Mkazi wa Tukuyu: Naongezea kuhusu sauti. Huku kwetu mvua ikianza kupiga bati, mazungumzo ya ndani ya nyumba hayasikiki kabisa, na nimeona kazi nyingi za nyanda hizi zenye ukungu wa kupendeza lakini maneno ya wahusika yamemezwa. Isikilize filamu yako kwa spika za maskani kabla ya kuituma. Hakikisha pia una ridhaa ya maandishi ya waigizaji na ya mwenye muziki, pamoja na kibali cha Bodi ya Filamu.

Wa Kihesa: Kweli kabisa. Na dakika 18 si chache, kwa kuwa matamasha hupanga filamu fupi kadhaa katika onyesho moja, hivyo yako inachukua nafasi ya mbili. Ukiweza kuibana ibaki 12, ibane.

Mpigapicha wa Uyole: Nashukuru sana. Vipi kuhusu ada za kutuma filamu kwenye matamasha? Nimeona zinatozwa kwa dola.

Mkazi wa Tukuyu: Baadhi hayatozi. Anza na hayo, kisha lipia mawili au matatu yanayopokea filamu za Afrika, ukiwa umeshaweka tafsiri ya Kiingereza chini ya picha. Majibu yote yakirudi, ndipo uipandishe YouTube.