Fonti ya bango la sato Kirumba: Cooper Black, Rye, Lobster au Bungee?

KijanaWaKirumba
Wakuu, habari za jioni. Mama mdogo anafungua kibanda cha sato wa kukaanga karibu na soko la samaki la Mwaloni hapa Mwanza, na bango kanitwika mimi. Jina ni "Sato wa Bibi". Anataka maandishi mazito, yaliyochangamka, yenye sura ya kizamani. Nimebaki na hizo fonti (aina za maandishi) nne. Litakatwa kwa stika na kubandikwa kwenye bati, na abiria wa daladala alisome gari likiwa linatembea. Ipi?

StikaNaPlota
Lobster iache. Pablo Impallari aliitoa bure 2010, nzuri kweli, ila siku hizi iko kila saluni na kila kopo la asali. Halafu herufi zake zinashikana: usipoziunganisha kwenye programu kabla ya kukata, plota (mashine ya kukata stika) inapitisha kisu katikati ya kila kiungo.

Rye nayo ina vimwiba ubavuni. Ukiikata ndogo, unapobandua masalio ya stika vinang'oka navyo.

MamaHerufi
Rye angalau ina ukoo. Inafuata herufi za mbao za mabango ya Marekani karne ya 19. Darius Wells wa New York alitoa katalogi yake ya herufi za mbao 1828, maana za madini ya risasi zikiwa kubwa zilikuwa nzito na ghali. Ila kwa sato? Mimi naona farasi na bastola, ziwa silioni. Na ukiandika jina lote kwa herufi kubwa, W na A zinahitaji kusogezwa kwa mkono.

Cooper Black ndiyo yenyewe. Ni ya Oswald Cooper wa Chicago, ilitoka 1922. Haina kona kali: hata nyayo za herufi, vile vimstari vya ncha, zimeviringwa, ndiyo maana mstari mzima unaonekana unacheza. Hebu andika "Bibi" uitazame: B yenye matumbo mawili, b yenye moja, nukta mbili nene juu. Jina lenyewe linacheka!

BrashiYaIgogo
Mimi nachora kwa mkono, na Cooper naikubali. Tahadhari moja: matundu ya a na b ni madogo, kwa mbali yanaziba. Achanisha herufi kidogo, na usiweke kile kivuli cheusi ambacho kila mtu anakitaka.

Bungee msiidharau. David Jonathan Ross aliitengeneza kwa ajili ya mabango hasa, inapangika hata wima. Na ina matabaka, kivuli mbali, mstari wa ndani mbali, kwa hiyo kila rangi unaikata peke yake. Neno SATO wima kwenye nguzo ya kibanda, Bungee. Bango kubwa, Cooper.

StikaNaPlota
Hapo napinga, mkuu. Bungee ni ya mraba mraba. Ukiziweka pamoja, mteja atadhani ni vibanda viwili.

KijanaWaKirumba
Mama mdogo kaziona kwenye simu, kachagua Cooper kabla sijamaliza kueleza. Sasa anataka na nguzo iwe Cooper, wima. Rangi nyekundu juu ya njano.

BrashiYaIgogo
Cooper ya herufi ndogo usiipange wima, dogo, upana wake haulingani, itayumba. Nguzo mchoree samaki tu. Na nyekundu ya stika za bei rahisi inapauka mapema kwa jua hili. Atumie bluu iliyoiva, au nije na rangi ya mafuta.