Laka au vanishi? Meza ya mninga imeota ukungu mweupe

Fundi_Igoma: Wakuu, habari za kazi. Jana asubuhi nimepuliza laka kwenye meza ya mninga, mvua ndiyo kwanza imekatika. Hata mashine sijamaliza kuisafisha, uso wote ukawa mweupe kama umefukizwa. Mteja yuko Nyegezi, hapa hapa Mwanza, anaitaka Jumamosi. Niikwangue nirudie, au niachane na laka nipake vanishi juu?

Mzee wa Randa: Weka msasa chini kwanza. Huo ni unyevu tu, laka haijafa. Thina, yaani kiyeyushi cha laka, ikipaa haraka huipoza mbao, kama ile spiriti ya nesi kabla ya sindano. Hewa ikiwa na maji, yanatua juu kama jasho kwenye chupa ya soda. Subiri jua likolee, saa saba hivi, upulize thina inayokauka polepole, ile wanayoiita retada. Kidogo mno, kama umande. Laka italainika, maji yatoke, ing'ae tena. Jaribu upande wa chini kwanza.

DadaSamani: Mimi meza za kulia nilishaacha kuzipiga laka. Sufuria ya moto ikitua tu, alama. Vanishi ya poliyurethani inavumilia maji na joto zaidi. Ubaya wake kusubiri: jioni bado inanata, na ziwa letu mnalijua. Kuna usiku nimepaka mlango nikasahau kuzima taa ya baraza, vile vidudu vya ziwani vikaja wingu zima. Asubuhi mlango una manyoya! Nilivitoa kimoja kimoja kwa kibanio cha nyusi, nikachoka, nikaacha ukauke nikaupiga msasa namba 320.

Kijana wa Kirumba: Dada, na mapovu je? Yangu kila mara inakauka na mapovu.

DadaSamani: Unatikisa kopo wewe. Koroga taratibu kwa kijiti. Na ukishapaka usianike juani, hewa iliyo kwenye vitundu vya mbao inatanuka inapanda juu.

Mzee wa Randa: Kwa meza dada yuko sahihi, ila mvule msiupake hivyo hivyo. Una kitu ndani kinachoizuia vanishi ya mafuta kukauka, siku zinapita kidole bado kinanasa. Uzibeni kwanza kwa shelaki, ile ya kuyeyusha kwa spiriti, isiyo na nta. Halafu jamani, laka juu ya vanishi hapana. Thina yake inaikunja vanishi kama utando wa maziwa.

Fundi_Igoma: Mrejesho. Retada imekubali, isipokuwa kona moja niliyopuliza tabaka tatu mfululizo kwa haraka zangu. Pale ukungu umejifungia chini, nimekwangua hapo tu. Sasa mteja kapiga simu kuuliza kama ataweza kutua sufuria ya ugali moja kwa moja. Nimemwambia anunue vitambaa, na ijayo nitampa vanishi ya dada. Wabeja, asante sana, Mzee.