Comic Sans kwenye kadi za kusomea za darasa la awali: kuna ubaya?

Mwalimu wa Awali, Morogoro
Habari za jioni wadau. Nafundisha darasa la awali, na sasa naandaa kadi za maneno: mama, baba, dada, ng'ombe. Mwaka jana nilichapa kwa fonti (mtindo wa herufi) ya Times New Roman, watoto wakakwama kwenye "a". Ubaoni naiandika duara na kijiti, kwenye kadi wanaikuta ina kikofia. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hii ni ngapi?" Alidhani ni tarakimu.

Nimehamia Comic Sans, maana "a" yake ni ileile ya ubaoni. Kijana wa steshenari kaniambia ni fonti ya kitoto, eti wenye kazi zao hawaigusi. Nibadilishe? Na vyeti vya kuhitimu nilitaka nivichape hivyohivyo.

Fundi Mabango
Shikamoo mwalimu. Kadi usibadilishe. Ni ya kitoto kweli, na ndiyo kazi iliyozaliwa nayo. Vincent Connare aliichora mwaka 1994 akiwa Microsoft, baada ya kuona programu ya Microsoft Bob, ambamo mbwa wa katuni anaongea kwa Times New Roman. Akaona haimkai mbwa yule, akaiga mwandiko wa vitabu vya katuni. Haikuwahi kuingia kwenye Bob, ila ikawafikia watu kupitia Windows 95.

Jaribu hivi: chapa "Ilala" kwa Arial, halafu kwa Comic Sans. Kwenye Arial, I kubwa na l ndogo ni vijiti viwili, huvitofautishi. Comic Sans imeipa I kubwa vimstari juu na chini. Tena b na d hazikugeuzwa tu kama kwenye kioo, na wewe unawajua wanaosoma "baba" wakasema "dada".

Vyeti, hapana. Niliwahi kuletewa bango la tanzia limepangwa kwa Comic Sans: picha ya mzee wa watu, chini yake herufi zinachezacheza. Niliumia. Nikawaomba wafiwa nibadilishe, wakaridhia. Cheti nacho mzazi atakitundika sebuleni miaka mingi. Weka fonti tulivu, majina uandike kwa mkono wako.

Binti wa Tanga
Mwalimu, huyo kijana asikutishe. CERN, maabara kubwa ya fizikia huko Ulaya, walipotangaza kugundua chembe ya Higgs, ndogo kuliko atomu, tarehe 4 Julai 2012, slaidi za mwanafizikia wao Fabiola Gianotti zilikuwa za Comic Sans.

Ila usipeleke faili la Word. Kompyuta isiyo na hiyo fonti itaweka nyingine na mpangilio wote utavurugika. Peleka PDF. Kama huna Comic Sans, pakua fonti ya Comic Neue ya Craig Rozynski, ya 2014. Ni ya bure, na imetulia kidogo.

Mwalimu wa Awali, Morogoro
Marahaba fundi, na asante binti. "Ilala" nimeichapa, nimeona kwa macho yangu. Nimepeleka PDF, saizi 90, neno moja kila kadi, nikabandika kwenye manila.

Leo yule wa "hii ni ngapi" kashika kadi, kapitisha kidole juu ya "a": duara, kijiti. Kisha akasoma "mama" bila kuniangalia. Vyeti naandika kwa mkono. Watoto wako 46, nimefika jina la 12.