Nimeuziwa gari ya Japani redio haishiki, bluetooth haifanyi kazi, muuzaji hapokei simu!!

Wakuu nina hasira sana. Mwezi uliopita nimechukua gari ya 2012 kwenye yadi moja Dar, nikamuuliza jamaa mara mbili, redio inashika? bluetooth ipo? Akanijibu boss kila kitu kipo, we weka mafuta uondoke.

Nimeendesha Dar mpaka Dodoma naskia mikwaruzo tu. Fundi redio wa Majengo ndo kanifumbua macho: redio za FM za magari ya kule ya miaka hiyo zinaanzia 76 zinaishia 90, huku kwetu stesheni zinaenda mpaka 108, maana Wajapani juu ya 90 walikuwa wameweka TV za analojia mpaka walipozizima 2011. Sasa mimi wa Nkuhungu hayo ningeyajulia wapi? Anayeshusha magari kila mwezi anajua, na alitakiwa aniambie kabla sijalipa. Nimefunga ekspanda, nayo inasogeza masafa tu, redio yenyewe upana wake ni 14 basi ukizipata stesheni za juu za chini zimepotea, na namba unayoona kwenye kioo siyo ya stesheni unayosikiliza.

Bluetooth ndo inaniuma zaidi. Skrini inadai kadi ya ramani, maandishi yote Kijapani, kadi yenyewe mtu kashaichomoa na bila hiyo kadi hata simu huiungi. Mzee wangu anaumwa yuko Morogoro, naenda na kurudi kila wiki, ndo maana niliuliza bluetooth mara mbili! Juzi narudi mama kapiga mara tatu mfululizo, moyo ukashtuka nikapokea kwa mkono, kufika Kibaigwa trafiki huyu hapa, 30,000. Kosa langu nalikubali na faini nimelipa, lakini hela niliyotoa yadi ilikuwa ya kuepuka hilo hilo.

Na kila nikiwasha gari kuna sauti ya mwanamke inaongea Kijapani, fundi anasema ni kile kidude cha ETC cha kulipia barabara za kwao nacho kinadai kadi. Si wangekitoa tu jamani?

Nilimpigia jamaa akasema redio ni juu ya mteja, toka siku hiyo hapokei. Redio mpya na kufunga naambiwa laki tatu na nusu. Nataka hiyo hela airudishe yeye. Kama kuna mtu alishawahi kumbana muuzaji wa hivi akalipwa aniambie alianzia wapi, FCC (Tume ya Ushindani) wanapokea kesi kama hii au niende polisi? Risiti ninayo, na meseji aliyoandika bluetooth ipo sijaifuta.