Kampuni ya hosting hapa Arusha imetupotezea booking za wageni, na DNS ya domeini yetu hawataki kuitoa

Wakuu, nimechoka na hawa watu, acha niyaseme hadharani.

Sisi ni ofisi ndogo ya utalii, tunapeleka wageni Tarangire, Ngorongoro na Serengeti. Tovuti iko kwenye seva ya kampuni moja ya hapa mjini, na domeini yetu ya .co.tz waliisajili wao. Imeili za seva yao zilikuwa zinaangukia kwenye spamu za wageni kila mara. Tukaamua tovuti ibaki kwao, imeili zihamie Google Workspace, huduma ya Google ya imeili za ofisi.

Hiyo ni kazi ya dakika chache kwa anayeijua DNS, yaani mipangilio inayoonyesha tovuti na imeili za domeini ziko kwenye seva gani. Unafuta MX ya zamani (rekodi inayosema imeili zipelekwe seva gani), unaweka inayoelekeza smtp.google.com, unarekebisha SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako), unaweka DKIM (saini ya kidijitali ya kila ujumbe). Rekodi ya A, ile inayoelekeza tovuti ilipo, huigusi. Tukaomba tuingie wenyewe kwenye DNS. Wakakataa, eti utaratibu wa kampuni hauruhusu, kisha wakatuletea ankara ya kuhamisha imeili. Msimu ulikuwa umeshaanza, tukalipa kwa shingo upande.

Sasa oneni kazi tuliyoilipia. MX ya Google waliweka, sawa. Lakini kwenye cPanel, paneli ya kusimamia seva yao, pale kwenye Email Routing, waliacha "Local" badala ya kuchagua "Remote". Kwa hiyo seva yao inaendelea kuamini kwamba imeili za domeini yetu ni zake. Mgeni akiandika kutoka kwenye Gmail yake, tunaipata vizuri. Akijaza fomu ya booking kwenye tovuti yetu wenyewe, seva haihangaiki hata kuangalia MX, inautumbukiza ujumbe kwenye boksi la zamani humo humo ndani. Ni kama umehamisha sanduku lako la posta na tangazo limebandikwa, lakini karani halisomi, barua anazidi kuzisokomeza kwenye lile la zamani.

Na hakuna kinachorudi kwa mtumaji. Mgeni anaona "asante, ujumbe wako umepokelewa" na anakaa kusubiri. Familia moja ilitaka Serengeti kaskazini mwezi Agosti, nyumbu wakivuka Mara. Haikupata jibu, ikaenda kwa wengine. Hata lodge ya Karatu tunayofanya nayo kazi, kwa kuwa nayo iko kwenye seva hiyo hiyo, majibu yao ya vyumba yalikuwa yanaishia humo humo. Tukawa tunawalaumu watu wa watu bure.

SPF nayo waliivuruga. Badala ya kuongeza include ya Google (kipande kinachoziruhusu seva za Google) kwenye rekodi iliyokuwepo, wakaweka ya pili pembeni. Domeini inatakiwa iwe na rekodi moja tu ya SPF. Zikiwa mbili, seva inayopokea inahesabu ni kosa. Na tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti kwa watumaji wote, SPF au DKIM lazima ipite. DKIM yenyewe hawakuiweka kabisa!

Tukiwapigia, jibu ni moja: tatizo liko Google. Binti wa ofisini kwetu aliwatumia picha ya hiyo Email Routing, kaizungushia duara jekundu. Wakafunga tiketi, wakaandika "imetatuliwa". Haikuwa imetatuliwa.

Ninachotaka ni haki yetu. Domeini ni mali yetu, tunailipia kila mwaka. Watupe nambari ya siri ya kuihamishia kwa msajili mwingine, na kila ujumbe uliolala kwenye lile boksi la zamani, wote, bila kufuta hata mmoja.

Wenye ofisi za utalii na hoteli, Arusha na Moshi, kama mlihamisha imeili tovuti ikabaki kwa kampuni za hapa, jazeni fomu yenu wenyewe leo muone kama inawafikia. Na anayemjua msajili wa .tz anayemwachia mteja DNS yake yote, amtaje hapa.