Usaili mara mbili, kisha kimya. Nifanyeje?

Habari zenu wakuu, naomba ushauri. Niliitwa usaili wa ukarani wa ghala la korosho Mtwara mjini. Natokea Masasi, karibu kilomita 200, na nimekwenda mara mbili kwa nauli niliyokopa kwa shangazi. Mara ya pili walikagua vyeti halisi, wakauliza naweza kuanza lini, hata saizi ya buti wakaandika! "Tutakupigia Jumatatu." Jumatatu tatu zimepita. Simu inaita tu, ujumbe wa WhatsApp unasomwa haujibiwi. Kinachoniuma ni hicho kimya. Hata wangesema sijapata, ningepokea. Sasa kuna kibarua Lindi, wanataka jibu wiki hii. Niwafuate ofisini kwanza, au nishike cha Lindi?